Geti Nililomwekea Mama

Nyumba ya mama yangu haikuwahi kuwa na geti. Palikuwa na ua wa masale, mimea ya majani marefu, na katikati ya ua nafasi ya kupita mtu na ng'ombe wake. Yeyote aliyetoka barabara ya Tengeru kupanda kanisani alikatiza hapo, mbele ya jiko, akasalimia, akaulizwa amekula nini, akaenda zake. Wengine hawakwenda zao. Nimekua nikidhani kila nyumba duniani ina watu watatu wanne wasio wa nyumba hiyo wamekaa jikoni. Geti nililiweka mimi, mwaka ule mama alipougua, na mpaka leo sijapata mtu wa kumlaumu kwa hilo. Si kwamba sijatafuta.

Ilianza na uchovu. Mama hakuwa mtu wa kuchoka. Alikuwa na mibuni na migomba kwenye mteremko wa Meru, shamba alilobaki nalo baada ya baba kufariki, na siku ya soko alishuka Tengeru na mkungu kichwani akarudi kabla jua halijawa kali. Mwaka ule akaanza kupumzika nusu ya njia. Kisha fizi zikatoka damu, na mapajani yakatokea mabaka meusi kana kwamba kuna mtu anampiga. Zahanati walimpa dawa za malaria. Baadaye wakampa za taifodi. Alipoanguka shambani ndipo tukampeleka hospitali ya rufaa, safari ya siku nzima kwa basi, na huko daktari mmoja kijana, mpole, akatukalisha chini akatuambia ni saratani ya damu.

Mama akamuuliza, "Sasa baba, damu nayo inaota uvimbe?"

Daktari akaeleza kwa utaratibu, akachora na vidoa kwenye karatasi. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, mpaka mwisho. Tulipotoka nje akaniambia yule mtoto amesoma sana, lakini mashavu yamemwisha, hana mtu wa kumpikia.

Mimi nilikuwa na nafasi ya kumuuguza. Nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma pale mjini, na wakati ule mashirika yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, na sisi tuliokuwa ndani yake tukipunguzwa. Arusha ilijaa maduka mapya, redio za kila aina, mitumba imemwagwa mpaka katikati ya njia, na mimi nimekaa nyumbani na mashine ya chapa ya zamani niliyopewa siku ya kuagwa. Watu wa kanisani walisema kupunguzwa kwangu ulikuwa mpango wa Mungu ili mama apate mtu. Niliwajibu amina. Moyoni nilisema kama Mungu anapanga namna hiyo basi aniache nijipangie mwenyewe.

Dawa za kwanza alitundikiwa wiki tano mfululizo. Sitaki kusimulia zile wiki. Nitasema tu kwamba nilimwona mama yangu, mwanamke aliyezaa peke yake shambani akarudi nyumbani na mtoto kwenye khanga, akiniomba nimwambie daktari aache. Sikumwambia. Nywele zilitoka zote, na kilemba alichofunga kikawa kikubwa kuliko uso.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliniita pembeni. Alisema dawa zimeua seli mbovu pamoja na nzuri, na kwa miezi kadhaa mama atakuwa hana kinga, kiasi kwamba mafua ya mtu mwingine yanaweza kumuua. Tungekuwa tunarudi kila baada ya wiki chache kwa dawa nyingine. Nyumbani hakuna wageni, hakuna maziwa mgando, hakuna matunda yasiyomenywa, hakuna maua wala majani mabichi wala kitu chenye udongo chumbani kwake. Nilifika nyumbani nikayapiga chapa yale masharti, nakala mbili, moja nikabandika ukutani juu ya kitanda. Niliona raha kuandika kitu ambacho angalau kina maana.

Hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa sababu mama yangu kazi yake kubwa haikuwa kahawa. Ilikuwa kutembelea wagonjwa. Alitoka Machame kuja kuolewa huku Meru akiwa binti mdogo, hajui Kimeru hata neno, na nadhani alijifunzia lugha kwenye vitanda vya watu. Mtu hakulala na homa siku ya pili bila yeye kufika na mtori wa ndizi, akakaa, akasimulia upuuzi mpaka mgonjwa akacheka. Miaka thelathini alifanya hivyo. Sasa ameugua yeye, na mteremko mzima ulikuwa njiani kuja kurudisha.

Wiki ya kwanza nilijaribu kuwazuia kwa maneno. Nilisimama kwenye ile nafasi ya ua nikaeleza habari za kinga ya mwili. Wazee walinisikiliza, wakasema, "Haya mwanangu, Mungu akubariki," wakanipita wakaingia. Jumapili nilikuta wanawake kumi na mmoja chumbani, mmoja anakohoa, mwingine amempakata mtoto anayetoka makamasi, na mama katikati yao anang'aa kwa furaha. Nilipiga kelele. Sijawahi kuwapigia kelele watu wa rika la mama, na sauti yangu ilinishangaza. Kesho yake nilikwenda mtaa wa Kwa Mrombo kwa fundi wa kuchomelea nikaagiza geti la chuma.

Fundi aliweka maua ya chuma bila kuombwa, akisema geti tupu linafanana na la jela. Lilikuwa geti la kwanza kwenye njia ile. Watu waliokuwa wanakatiza kwenda kanisani wakalazimika kuzunguka kwa chini, kwenye tope, na walinisalimia kwa adabu iliyokuwa mbaya kuliko matusi. Chakula kilikuja hata hivyo. Waliniachia getini mtori, mayai, maziwa mgando kwenye kibuyu, ndizi za kuiva. Mtori niliuchemsha upya mama akala. Mengine yote nilikula mimi, maana kutupa chakula cha mgonjwa sikuweza. Mwaka ule mama alikwisha na mimi nikanenepa, na kila mtu aliliona hilo.

"Hata mfungwa anatembelewa," mama aliniambia.

"Mfungwa hana damu mbovu."

"Basi ingekuwa heri kuiba."

Alikuwa na utani wa hivyo. Lakini niliona anavyogeuza kichwa akisikia miguu njiani. Alijua kila mtu kwa hatua zake. Huyu ni fulani, goti lake limezidi. Huyu ana haraka, mjukuu ameshikwa tena. Kwaya ya akina mama ilikuja siku moja ikasimama nje ya geti ikaimba nyimbo tatu, na yeye akaimba sauti yake ya pili kutoka kitandani, kwa chini sana. Walipoondoka alilia, nami nikamwambia aache kulia maana atapungukiwa nguvu. Ndiyo maneno niliyoona yanafaa kumwambia.

Aliyemngoja kuliko wote alikuwa rafiki yake, mwanamke wa Machame kama yeye, aliyeolewa nyumba ya nne kutoka kwetu wiki moja na yeye. Sisi watoto tulimwita mama mkubwa. Wakiwa wawili walisema Kichaga chao kwa kasi, wakacheka, na hakuna mtu upande ule wa mlima aliyejua wanamcheka nani. Katika wale kumi na mmoja niliowafukuza naye alikuwemo. Wengine walinikasirikia mimi. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alidhani kelele zile nilitumwa na mama.

Kisha ikaja miezi mizuri. Nayataja haya kwa shida. Dawa zilikubali, daktari akasema damu imesafika, nywele zikaanza kuota laini za kijivu na mama akawa anazishikashika siku nzima. Alitembea mpaka kwenye migomba, akaitukana kwa kutotunzwa. Daktari akasema tukimaliza duru mbili za dawa zilizobaki naweza kuanza kuruhusu mtu mmoja mmoja. Mama akaanza kupanga nani aingie kwanza. Alipanga kwa makini, kama anayegawa nyama ya arusi, asimkwaze mtu. Lakini nafasi ya kwanza haikubadilika hata siku moja. Ilikuwa ya yule rafiki yake.

"Nikifungua mlango nimwone yeye," alisema, "wengine watanisamehe."

Duru moja kabla ya mwisho, daktari yule alinifuata kwenye korido akiwa ameshika majibu, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na safari hii umerudi na hasira. Dawa kali zaidi hapakuwa nazo, na kama zingekuwepo mwili wa mama usingeziweza. Alisema nimpeleke nyumbani, nimpunguzie maumivu, nimpe anachotaka. Nilimuuliza ni muda gani. Akasema wiki, labda miezi miwili. Halafu akasema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Sasa hata wageni, dada, waache waje."

Niliporudi wodini mama aliniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia amesema tupumzike kidogo nyumbani, tujenge mwili, ndipo tumalizie duru ya mwisho.

Nilikuwa na siku nzima ya safari ya kufikiri, na nikafikiri hivi. Mama anajua geti limefungwa kwa sababu anatibiwa. Geti likifunguka ghafla, kabla ya duru ya mwisho, watu wakaanza kumiminika na kumshika mkono na kumwombea, atajua wamekuja kufanya nini. Amekaa kwenye vitanda vya wanaokufa miaka thelathini, sura za wageni wa namna hiyo anazijua kuliko mchungaji. Kufungua geti ilikuwa ni kumwambia kwamba anakufa. Mimi sikuweza kumwambia. Kwa hiyo geti likabaki limefungwa, na masharti ukutani yakabaki, na mimi nikaendelea kunawa mikono kwa spiriti mbele yake kila nikiingia. Nilijiambia namlinda yeye. Nilikuwa najilinda mimi, nisiione sura yake ikipata habari.

Siku kama kumi baadaye, asubuhi, mama mkubwa alikuja getini. Alikuwa amevaa gauni la kanisani siku ya kazi. Mkononi alikuwa na jani la isale, refu, bichi, limefungwa fundo.

Asiyejua aelezwe. Kwetu, mtu aliyekosana na mwenzake akitaka kuomba radhi anampelekea isale lililofungwa fundo. Ukishaletewa hukatai. Hata kama amekuulia ndugu, wazee husema, unapokea na unamkaribisha ndani. Nimeyajua haya tangu sijaota meno ya pili.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mama ameamkaje?"

"Hajambo kidogo."

Alipitisha jani kati ya yale maua ya chuma. "Mpelekee hili. Mwambie mimi ni mjinga, nimefikiri sana sijapata ni lipi. Kama ni kahawa niliyong'oa nikapanda nyanya, alinicheka tukayamaliza. Kama ni siku ile ya chumbani, niliingia bila kubisha, kweli. Mwambie lolote lile, mimi nimekosa. Nitakaa hapa nje ningoje."

"Mama mkubwa, si wewe, ni masharti ya daktari. Ni watu wote."

"Wote si mimi," alisema, bila ukali. "Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja wiki tuliyoolewa, kwa kuogopa. Asingenifungia na watu wote kama hana kitu moyoni. Mpelekee tu."

Nililipokea. Nilitembea nalo kuelekea nyumbani, yeye akinitazama. Nilijua vizuri kitu kitakachotokea nikiingia nalo. Mama angeliona, angecheka au angelia, angesema fungua geti saa hii, na mimi nisingeweza kusema hapana, maana isale halikataliwi hata na daktari. Na yule mwanamke angeingia, angemwona mama alivyo, na uso wake ungesema kila kitu. Sababu nyingine nilikuwa nayo tayari, imepigwa chapa: majani mabichi hapana. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalitupa kwenye zizi. Ng'ombe alilinusa akaliacha. Nikasubiri kidogo, kisha nikarudi getini.

"Amelala, mama mkubwa. Nimemwekea. Akiamka nitampa."

Alikaa kwenye nyasi nje ya geti mpaka jua lilipokuwa la saa sita. Aliondoka bila kuniita.

Mama alikuwa macho wakati wote ule. Alisikia hatua za kuja, akasikia za kuondoka.

"Huyo alikuwa yeye," alisema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Ametaka nini?"

Nikamwambia alikuja kuaga, anakwenda Machame kwa binti yake aliyejifungua, atakaa huko miezi. Uongo ulitoka mzima, na nguo zake zote.

Mama aligeuka akatazama dirisha. "Amekuja kuaga na hakuniita hata dirishani?" Kisha akasema, "Labda amenichoka. Ugonjwa mrefu unachosha watu, nimeuona." Hakumtaja tena katika kupanga nani aingie kwanza. Hakupanga tena kabisa. Wiki mbili zilizobaki aliacha kusikiliza njia, na mimi, Mungu anisamehe kama anasamehe vitu vya namna hii, niliona ni nafuu.

Nilipata nafasi nyingi za kurekebisha. Watu hufikiri jambo la namna hiyo hutokea mara moja. Halikutokea mara moja, nililifanya kila siku. Nyumba ya nne, dakika mbili kwa mguu. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nitamwita, nikamkuta mama amedhoofika zaidi ya jana, nikasema huyu akionwa hivi leo ataelewa, afadhali kesho akiwa na nafuu. Nilikuwa nasubiri nafuu ambayo daktari alishaniambia haipo.

Alikufa saa nne asubuhi, siku ya soko, njia ikiwa imejaa watu wanaoshuka Tengeru. Tulikuwa wawili tu chumbani. Aliniuliza kama mvua inanyesha. Haikuwa inanyesha. Nikatoka nje nikafungua geti, na mtu wa kwanza aliyepita na mikungu yake aliniangalia mara moja tu, akautua mzigo chini akaingia.

Baada ya hapo waliingia wote. Walikuja wa Nduruma, wa mjini, wa Machame kwa basi la kukodi. Walijaa chumbani, jikoni, kwenye migomba. Vijana waling'oa geti ili gari la jeneza lipite, wakaliegemeza kwenye ukuta wa zizi. Waliokohoa walikohoa. Mchungaji alisimama akanisifu mbele ya umati kwa jinsi nilivyomtunza mama, akasema vijana wa leo waige, na wanawake wakaitikia kwa vilio vya huzuni, wale wale niliowafukuza. Nilikaa kwenye mkeka nikataka ardhi inimeze. Haikunimeza, nikaletewa chai.

Mama mkubwa hakuja siku ya kwanza. Alikuja siku ya mazishi, akakaa mbali na wafiwa kama mgeni, na sikumsikia akilia. Watu walipotawanyika siku ya tatu ndipo aliingia ndani. Aliniomba ruhusa ya kuingia, yeye, katika nyumba ile. Alikaa pembeni mwa kitanda cha mama kilichokuwa kimekunjwa godoro, akapitisha mkono kwenye mbao zake.

"Mwanangu," alisema, "nakuuliza kitu kimoja, sitauliza tena. Ulimpa?"

Ningeweza kumwambia. Chumbani tulikuwa wawili. Ningeweza kusema hakuwa na kitu moyoni, alikuwa anakungoja, nafasi ya kwanza ilikuwa yako. Lakini ningelazimika kusema na zizi, na Machame, na ile asubuhi nzima aliyokaa kwenye nyasi. Nikaona niseme kitu kizuri kitakachomtuliza mama wa watu akalale.

"Nilimpa, mama mkubwa. Alipokea. Alisema amekusamehe."

Nilimwona akiinamisha kichwa. Nilidhani ni faraja. Kisha akasema taratibu, akiongea na zile mbao, si na mimi, "Kwa hiyo alikuwa na kitu kweli."

Nilielewa hapo hapo nilichofanya. Nilifungua mdomo.

"Ni yale maneno," alisema. "Yale niliyomwambia siku tulipomzika baba yenu. Miaka yote ile nilijipa moyo kwamba hakuyasikia." Akainua uso akaniangalia, macho makavu, akisubiri. "Ni hayo, mwanangu? Alikwambia ni hayo?"

Sikuyajua maneno hayo. Mama hakuwahi kuyataja maishani mwake, na sidhani kama aliyasikia.

Nikasema ndiyo, ni hayo.